Tulivyomlilia Zamenga

Zamenga Batukezanga alikufa mwaka 2000, na sisi huku Mutshatsha tulimlilia bila mwili, bila kaburi na bila ndugu wa kumpa pole. Kwetu kilio kina desturi zake. Watu wanakaa chini, moto unawashwa uani, wamama wanasonga bukari, na kila anayeingia anatoa kitu kidogo, jina lake linaandikwa. Sasa mtu ambaye hukumwona hata siku moja, ambaye unamjua kwa vitabu tu, utamfanyia kilio nyumbani kwa nani?

Habari ilitufikia kwa redio. Nchi ilikuwa vitani, imegawanyika vipande, na treni ya kutoka Kolwezi kwenda Dilolo ilipita siku ilipotaka. Tulikaa jioni moja chini ya mwembe, wamama saba, tukataja vitabu vyake kimoja kimoja kama vile mtu anavyotaja matendo ya marehemu. Wanaume wetu walicheka. Mmoja aliuliza: mnamlilia Mukongo wa Luozi, ni shemeji yenu? Hatukumjibu. Chai ilikuwa kidogo, hatukumpa.

Kwa ninyi vijana ambao hamkumjua: alizaliwa mwaka 1933 upande wa Luozi, Bas-Congo, mkoa ambao leo ni Kongo-Central. Aliandika vitabu vingi: Les hauts et les bas, Bandoki, Carte postale, Sept frères et une sœur, Un croco à Luozi na vingine. Vilikuwa vijitabu vyembamba, unaweza kukificha kimoja ndani ya kikwembe ukaenda nacho shambani. Wasomi wa vyuo vikuu walisema Kifaransa chake ni chepesi mno. Waache waseme. Msichana aliyeacha masomo mwaka wa tatu wa sekondari kwa kuolewa aliweza kumsoma huku anaangalia chungu cha sombe, na ni wangapi kati ya wale wasomi walisomwa jikoni?

Bandoki ni neno la Kikongo. Kwetu tunasema walozi. Tulipokiona kitabu hicho mara ya kwanza tulishangaa kwamba neno kama hilo linaweza kuwekwa kwenye jalada, likauzwa mchana mbele ya watu wote. Nyumbani kwetu mambo hayo yalisemwa usiku, kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Na yule mamba wa Luozi! Sisi tuna mito yetu na mamba wetu, kila familia ina hadithi yake. Mmoja wetu alishika kwamba mamba ni mnyama mwenye njaa, basi. Mwingine akasema yuko mamba, na yuko mamba. Ubishi huo ulichukua karibu majuma mawili na maharagwe ya mtu yakaungua. Lakini tulibisha tukicheka, na hakuna aliyeogopa kumwambia mwenziwe kwamba hakubali.

Nakala yetu ya Bandoki ina jina la msichana kwenye ukurasa wa kwanza, limeandikwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko mzuri wa shule. Ni jina la Kikasai. Wazee mnakumbuka: kati ya 1992 na 1994 familia nyingi za asili ya Kasai zilifukuzwa Kolwezi na Likasi, zikakaa stesheni majuma kwa majuma zikingoja treni. Vitu vyao viliuzwa kwa bei ya bure au vikaachwa tu. Kitabu kilifika kwetu kwa njia hiyo, ndani ya sanduku la sahani. Hatukulifuta jina. Jioni ile ya kilio tulilisoma kwa sauti pamoja na jina la mwandishi, maana msomaji huyo naye alikuwa mwenzetu na hatujui alifika wapi.

Kwa nini tunayaandika haya leo, wakati gazeti letu lina nafasi ndogo? Ni juu ya watoto. Miaka ileile Zamenga alipokufa, katika miji mingi ya Kongo watoto walikuwa wakifukuzwa nyumbani wakiitwa walozi. Jambo hilo halijaisha. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo. Watu wengi hawajui kama sheria hiyo ipo.

Tulikuwa na mtoto mmoja hapa karibu. Baba yake alikuwa mchimbaji, udongo ukamwangukia shimoni. Baada ya kilio wakaanza kumtazama mtoto: anaamka usiku, anakula sana, mbona baba alikufa siku waliyogombana? Nyumba moja ya maombi ikamfungisha siku tatu bila chakula. Tulikwenda kukaa na bibi yake. Hatukuanza na sheria. Tulianza na mamba wa Luozi, tukauliza tu: mama, wewe unafikiri namna gani? Akajibu, tukabisha, akajibu tena. Alikuwa hajawahi kubishiwa juu ya jambo hilo mbele ya mwanga wa jua. Bibi hakubadilisha mawazo yake, tuseme kweli. Lakini alikubali mtoto ale, tukakaa naye majuma matano, halafu shangazi yake akamchukua Kasaji. Mwaka huu anamaliza shule ya msingi.

Tunafikiri Zamenga angeipenda habari hiyo kuliko hotuba. Naye alifanya kazi miaka mingi kwa ajili ya walemavu mjini Kinshasa, watu ambao majirani pia wanawanong'onea.

Vitabu tulivyobaki navyo ni vitatu. Bandoki ni kizima. Un croco à Luozi haina jalada na mchwa wamekula kurasa za mwisho, lakini wamama wanaojua mwisho wake wapo, waulizeni. Cha tatu ni Sept frères et une sœur. Mnaweza kuazima Alhamisi baada ya soko, juma moja moja. Carte postale ilitoka mwaka juzi na haijarudi. Aliye nayo ailete, hata kama imelowa.