Njia ya Mutukula na Masaka

Vijana wakiniuliza habari za Vita vya Kagera, hutaka niwasimulie jinsi Kampala ilivyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Siku hiyo mimi sikuwa Kampala. Nilikuwa nyuma sana, njia ya Masaka, chini ya lori lililovunjika springi. Ninachokijua mimi ni barabara: Kyaka hadi Bunazi, Bunazi hadi Mutukula, kisha Kyotera, Masaka na Lukaya. Nilikuwa raia, dereva wa Bedford ya tajiri mmoja wa Bukoba. Serikali ililichukua lori kwa ajili ya vita, ikanichukua na mimi na utingo wangu pamoja nalo.

Kwanza msomaji auelewe mpaka wenyewe. Wajerumani na Waingereza waliuchora kwa rula, ukifuata digrii 1 kusini ya ikweta, bila kujali mto Kagera wala ukoo wa mtu. Ndiyo maana kipande cha nchi yetu kikabaki ng'ambo ya mto, kati ya Kyaka na Mutukula. Sisi Waziba na watu wa Missenyi tuna ndugu Buddu, upande wa Uganda, na Kihaya na Kiganda husikilizana. Shangazi yangu aliolewa Kyotera kabla ya uhuru. Nilipokuwa kijana, kwenda kumjulia hali na kurudi na mkungu wa ndizi lilikuwa jambo la kawaida. Idi Amin alipotwaa serikali ya Uganda Januari 1971 safari zikawa ngumu. Mwaka uliofuata, wakimbizi wa Uganda waliokuwa kwetu walivuka kwenda kumpindua wakashindwa, na baada ya hapo hatukumwona tena shangazi hadi wakati wa vita.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Mutukula, yakashuka hadi mtoni. Tarehe 1 Novemba redio yao ikatangaza kwamba eneo lote hilo, kama kilomita za mraba 1,800, limekuwa la Uganda. Kisha wakalilipua daraja la Kyaka. Watu waliowahi kuvuka tuliwapokea: akina mama waliobeba watoto bila kanga ya kujifunika, wazee waliokokotwa kwa baiskeli. Walisema ng'ombe wamechukuliwa makundi kwa makundi, kiwanda cha sukari kimeporwa, wasichana wamebebwa kwenye magari ya jeshi. Bukoba mjini nako watu walianza kufunga mizigo.

Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba niliisikia redioni nikiwa na madereva wenzangu. Aliposema kwamba tuna uwezo wa kumpiga, tuna sababu na tuna nia, hakuna aliyepiga makofi. Tulitazamana. Tulijua lori zetu zilivyo: tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ivunjike mwaka 1977 na mpaka wa Kenya kufungwa, spea za Nairobi zilikuwa hazipatikani, na tulikuwa tukiunganisha matairi kwa viraka vya matairi mengine.

Basi Novemba ile nzima ikawa kazi ya kupokea. Askari walikuja kwa reli hadi Mwanza, wakavushwa ziwa kwa meli. Wengine walikuja kwa barabara kupitia Biharamulo, kwenye mabasi ya abiria yaliyokuwa bado na majina ya miji ubavuni. Vijana wa mgambo walikuwa wengi, baadhi yao hawajawahi kuona ziwa. Mvua za vuli zilinyesha bila huruma. Gari likizama hadi ekseli, kikosi kizima kilishuka kusukuma. Wanaoandika habari za vita hupenda kutaja majenerali, lakini mwendo wa jeshi letu mwezi ule uliamuliwa na tope, na daraja la chuma la muda ambalo wahandisi wa jeshi waliliunga juu ya Kagera.

Tulipovuka tulikuta alichokiacha nduli Amin. Sitaeleza yote. Nitasema tu kwamba maiti za raia zilikuwa kwenye migomba na kwenye visima, na kwamba askari waliotoka Songea, Dodoma na Unguja, ambao hawakuwa na jamaa hata mmoja Missenyi, walilia kama wafiwa. Siku ile hasira ikaingia jeshini. Niliiona ikiingia, na sikumlaumu mtu.

Mutukula upande wa Uganda ilitekwa usiku wa kuamkia tarehe 22 Januari 1979. Amin alikuwa ametoka kwetu, lakini mizinga yake iliendelea kurusha kutoka kwenye vilima vya mpakani, na bila kuvichukua vile vilima wakimbizi wasingeweza kurudi mashambani. Hilo nalikubali kabisa, hata leo. Nisilolikubali ni yaliyofuata. Nilipopeleka shehena asubuhi, tingatinga zilikuwa zikisukuma kuta. Duka, nyumba, kila kitu kilichosimama kililazwa. Raia waliokuwa hawajakimbia, wazee hasa, waliuawa. Mwalimu alipopata habari alikasirika sana, na amri ikashuka hadi kwenye vikosi: raia asiguswe, mali yake isiguswe.

Februari tukaingia ndani. Ndipo nilipofika Kyotera. Niliomba ruhusa kwa ofisa aliyeongoza msafara, nikamwambia, "Afande, hapa nina shangazi." Alinitazama, akasema, "Nenda, ndugu dereva, lakini usichelewe." Shangazi nilimkuta nyuma ya nyumba, amejificha kwenye migomba pamoja na wake za majirani. Alikuwa amekonda. Tuliamkiana kwa Kihaya, salamu zetu zote ndefu, kama vile nimetoka Bukoba kumletea samaki. Ndipo akaniambia kwamba mwanawe wa pili alichukuliwa na watu wa Amin miaka mitatu nyuma, ndani ya gari lisilo na namba, na hajaonekana tena. Kisha akauliza: "Mwanangu, tumesikia ya Mutukula. Na hapa mtabomoa?"

Nilimjibu kwamba Mwalimu amekataza. Kyotera niliiacha imesimama. Lakini Masaka, mji mkubwa ulio mbele yake, ulipigwa kwa mizinga na kwa zile roketi tulizoziita saba saba usiku wa tarehe 23 Februari, na kesho yake jeshi likaingia karibu bila upinzani. Baada ya mji kutekwa ndipo majengo yalipotegwa baruti, moja baada ya jingine. Mbarara nayo ikapata hayo hayo. Niliwasikia askari wakisema, "Hii ni ya Kyaka." Raia walinusurika zaidi kuliko Mutukula, na hilo ni matunda ya ile amri. Lakini Masaka ilikuwa na maduka, shule na hoteli za watu ambao Amin aliwaua ndugu zao kabla hajamuua mtu yeyote wa kwetu.

Lukaya nitaipitia haraka, maana wengi wameieleza. Barabara pale inakatiza bwawa la mafunjo, haina pa kugeuzia gari. Usiku wa tarehe 10 Machi Walibya walioletwa kumsaidia Amin walilipiga jeshi letu la mbele, brigedi ya 201, na vijana wa mgambo wakarudi mbio gizani, wengine bila viatu. Brigedi ya 208 ikazunguka usiku huohuo, ikaikata barabara ya Kampala, na kulipokucha vita vikageuka. Walibya wapatao 200 walikufa pale. Baada ya Lukaya hapakuwa na jeshi la Amin la kuzungumzia, na vijijini watu walitutokea barabarani na ndizi na maji, wakituita bakombozi. Mwanzoni mwa Juni jeshi letu lilifika mpaka wa Sudan.

Nyumbani tuliambiwa tufunge mkanda kwa miezi 18, na mkanda ule haukufunguka kwa miaka mingi. Mkoa wetu wa Ziwa Magharibi ukabadilishwa jina, ukaitwa Kagera. Magofu ya kanisa la Kyaka, lililobomolewa vitani, yangalipo. Kwenye makaburi ya Kaboya wamelala zaidi ya askari 600 wa vita vile, na kila tarehe 25 Julai nikiwa na afya huenda huko.

Vita vile vilikuwa vya haki. Sina shaka juu ya hilo, na atakayesema vinginevyo aje kwanza Bunazi aongee na wazee waliobaki. Mutukula na Masaka hazikuwa haki, na waliolijua hilo mapema kabisa ni askari wetu wenyewe waliotii ile amri wakati wenzao walikuwa wakitega baruti. Wanastahili kusimuliwa pamoja na wa Kaboya. Nawaomba walimu wa historia wa mkoa huu wawapeleke wanafunzi kwenye magofu ya Kyaka, na wakiwa pale pale wawaeleze pia habari za Masaka, sasa ambapo tuliokuwapo bado tunaweza kuulizwa.