Nyenzo, Kahawa na Swali la Mtoto

Ndugu mwanachuo, makala haya yanaeleza jinsi nilivyotengeneza kwa mikono yangu mashine ya kukamulia kahawa, ya aina ile ya Kiitalia inayoendeshwa kwa mkono wa nyenzo. Hata hivyo, shabaha yangu si kukufundisha upishi wa kahawa. Nataka kukiri kosa nililolitenda darasani, na kueleza jinsi chombo hicho kilivyonifumbua macho.

Nilikuwa nikifundisha Sayansi Darasa la Sita katika shule moja mkoani Kilimanjaro, ambako migomba na mibuni hufika hadi ukingoni mwa kiwanja cha shule. Somo lilikuwa nyenzo. Nilichora ubaoni egemeo, mzigo na jitihada, nikatoa mifano ya mtaimbo na toroli, kisha nikahitimisha kwamba nyenzo huongeza nguvu. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono, akauliza: “Mwalimu, hiyo nguvu inayoongezeka hutoka wapi?” Sikuwa na jibu. Badala ya kukiri hivyo, nilimwambia kuwa jambo hilo haliulizwi katika mtihani, anakili yaliyo ubaoni. Wenzake wakacheka. Tangu siku hiyo hakunyosha mkono tena katika somo langu.

Likizo ilipofika, nilijishughulisha na mashine yangu. Nilikuwa nimeiona ya namna hiyo katika hoteli moja mjini, na ilinitia hamu. Kwani nyumbani kwetu, japo tulikulia chini ya mibuni, tulizoea kuuza buni na kunywa chai. Historia yake ni hii. Mwaka 1884 Angelo Moriondo wa Torino alipata hataza ya mashine ya kutengeneza kahawa kwa mvuke, na mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano akapata yake. Lakini mvuke pekee husukuma kwa nguvu ndogo. Achille Gaggia, naye wa Milano, alipata hataza mwaka 1938 ya njia ya kusukuma maji bila kutegemea mvuke, na mwishoni mwa miaka ya 1940 mashine zake za nyenzo na springi zikaanza kuuzwa. Mkono huikaza springi, na springi ikiachiwa huisukuma pistoni. Kikombe kikatoka na povu zito la rangi ya dhahabu, ambalo Waitalia huliita crema.

Mimi niliacha springi, nikatumia mkono mtupu. Fundi wa karakana alinichongea silinda ya chuma kisichoshika kutu, yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 4, pamoja na pistoni iliyovishwa pete mbili za mpira. Seremala alinipa fremu ya mbao za mninga. Mkono wa nyenzo ulikuwa kipande cha nondo nene: egemeo kwenye ncha moja, pistoni sentimita 5 kutoka kwenye egemeo, na mpini sentimita 50.

Hesabu yake inafaa darasani. Kahawa ya namna hii huhitaji kanieneo ya kilogramu 9 hivi kwa kila sentimita mraba. Eneo la pistoni yangu lilikuwa sentimita mraba 12.6, kwa hiyo ilipasa kusukumwa kwa nguvu ya kilogramu 113, ambayo ni zaidi ya uzito wa gunia la mahindi. Lakini kwa kuwa mpini ulikuwa mbali mara 10 na egemeo, mkono ulihitaji kilogramu 11.3 tu, takriban uzito wa ndoo ya lita kumi iliyojaa maji.

Jaribio la kwanza liliniaibisha. Nilichemsha maji kwenye birika, nikayamimina katika silinda iliyokuwa wazi juu, lakini sikuijaza. Hewa iliyobaki chini ya pistoni ikabanwa kama springi. Nilipolegeza mkono, mpini ulirudi juu ukanigonga kidevu, na maji ya moto yakanichoma kifundo cha mkono. Katika jaribio la pili nilijaza maji hadi karibu na ukingo, nikapunguza usagaji wa kahawa iliyokuwa laini mno. Baada ya sekunde 30 hivi nikapata vijiko vikubwa viwili vya kahawa nzito yenye povu.

Nikiwa na kikombe mkononi, niliona jambo ambalo ubao haukunionyesha. Nikachukua rula. Mpini ulikuwa umeshuka sentimita 50, pistoni sentimita 5 tu. Kilogramu 11.3 mara 50 ni 565. Kilogramu 113 mara 5 ni 565 vilevile. Tukiacha msuguano, kazi ni ileile. Nguvu haikuongezeka bure: nililipa kwa umbali. Hilo ndilo lilikuwa jibu la yule msichana.

Shule ilipofunguliwa niliipeleka mashine darasani, nikatumia maji baridi. Niliwaambia wanafunzi kuwa muhula uliopita mwenzao aliuliza swali zuri kuliko somo langu, na kwamba nilimnyamazisha kwa sababu sikujua jibu. Nikampa rula. Alipima, akaandika namba ubaoni, akarudi kuketi. Hakuuliza kitu siku hiyo. Karibu muhula mzima ulipita kabla hajanyosha mkono tena.

Kutokana na hayo, nakuachia mambo matatu. Kwanza, tengeneza zana mwenyewe kabla ya kufundisha, kwani mikono hugundua mapengo ambayo kitabu huyaficha. Pili, jihadhari: usichemshe maji katika chombo kilichofungwa, wala usiwape watoto maji ya moto. Tatu, usilionee haya neno “sijui”, sema, “Sijui, tutafute pamoja.”

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kovu la kifundo cha mkono wangu lilipona kwa wiki mbili. Ukimya wa mtoto yule ulichukua muda mrefu zaidi, nao niliusababisha kwa sentensi moja.