Mayai ya samoni: Chambo kinachofanana na peremende

UKITOKA Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, ukafuata barabara namba 6 kuelekea magharibi, baada ya kilomita 120 hivi unafika Tillamook. Ni mji mdogo wa wafugaji wa ng'ombe, na wengi wanaujua kwa jibini yake. Lakini kuanzia Septemba hadi Novemba, mazungumzo ya mji ni mamoja tu: samoni wamerudi.

Mito mitano humwaga maji yake katika ghuba ya Tillamook, nayo ni Miami, Kilchis, Wilson, Trask na Tillamook wenyewe. Samoni aina ya Chinook, samaki rasmi wa Oregon tangu mwaka 1961, huzaliwa kwenye mito kama hii, huenda kukulia baharini kwa miaka kadhaa, kisha hurudi kutaga na kufa. Akishaingia mtoni, huacha karibu kabisa kula. Ajabu ni kwamba bado hufungua mdomo mbele ya fungu la mayai ya samoni mwenzake.

Ndiyo maana msimu huu kazi nyingi ya uvuvi hufanyika jikoni, siyo mtoni. Samoni jike akivuliwa, hukatwa mashavu papo hapo ili damu yote itoke, maana damu huharibu mayai haraka. Tumboni mna mafuko mawili marefu, yenye maelfu ya mayai ya rangi ya chungwa. Mafuko hayo hayaoshwi kwa maji ya bomba. Hupanguswa kwa karatasi, kisha damu iliyobaki kwenye mishipa hukamuliwa taratibu kwa mgongo wa kijiko.

Baada ya hapo hukatwa vipande vya ukubwa wa ndimu ndogo na kunyunyiziwa unga wa dawa: boraksi, chumvi, sukari, salfaiti ya sodiamu, na rangi nyekundu au ya waridi. Kila kitu kinaingia kwenye chupa yenye kifuniko, na chupa hupinduliwa mara kwa mara. Kwanza mayai hutoa maji na kunywea. Saa chache baadaye huyanywa maji yaleyale, pamoja na chumvi na rangi, na kila yai hutuna tena na kung'aa. Kesho yake huchujwa, huanikwa mpaka yanate kidogo, kisha huwekwa kwenye friji au friza.

Katika familia za wavuvi, watoto huwa karibu na meza hiyo. Hapo ndipo hujifunza kushika kisu, kufunga ndoana na kuvumilia. Lakini hapo pia pana hatari ambayo mgeni anaweza asiione.

Mzazi, itazame chupa ile kwa macho ya mtoto wa miaka minne. Ni punje nyekundu zinazong'aa, zimetiwa sukari, ziko kwenye friji moja na maziwa. Wavuvi wengine huongeza unga wa jelatini yenye ladha ya matunda ili chambo kinukie. Tena mayai ya samoni ni chakula halali: Wajapani huyatia chumvi au mchuzi wa soya na kuyala na wali. Kwa hiyo yai ni lilelile, ila chupa moja ni kitoweo na nyingine ni sumu.

Portland kuna familia zinazozungumza Kiswahili, nyingi zikiwa zimetoka Kongo. Kwetu, samaki aliyetiwa chumvi ni chakula. Mtoto aliyezoea ng'onda au dagaa wa kuanika hana sababu ya kushuku kitu kilichotiwa chumvi ndani ya friji. Boraksi ni dawa ya kufulia nguo, haifai kuliwa. Salfaiti inaweza kumbana kifua mwenye pumu, hata kwa kuvuta vumbi lake tu.

Hatari hiyo haiishii nyumbani. Watafiti wa Oregon waliwalisha samoni wachanga mayai yaliyotiwa dawa, na baadhi yao wakafa. Lawama iliangukia salfaiti. Samoni wachanga huishi mtoni kabla ya kwenda baharini, na humeza punje zinazodondoka kwenye ndoana. Yaani chambo cha kumnasa mama kinaweza kumuua mtoto, na asiyekua leo hatarudi kuvuliwa miaka ijayo. Wapo wavuvi wanaotumia boraksi na chumvi bila salfaiti kabisa.

Kama familia yako inavua huko, au imealikwa na jirani anayevua, shika haya machache. Chupa ya chambo iandikwe kwa herufi kubwa na ikae kwenye friji yake au sanduku la barafu, siyo kando ya chakula. Unga wa dawa uchanganywe nje au dirisha likiwa wazi, kwa glavu, na mwenye pumu akae mbali. Bakuli na kijiko cha kazi hiyo visirudi kwenye kabati la vyombo vya kulia.

Mayai yanayobaki yatupwe kwenye pipa la taka, siyo mtoni. Mpe mtoto wako kazi hiyo ya mwisho, na umweleze sababu yake.