Nahodha na Mchekeshaji

Katika kandanda ya Kimarekani, kwotabeki ndiye ashikaye usukani: huipima safu ya wapinzani kama nahodha apimavyo upepo, kisha huamua mpira aurushe kwa nani. Harris Barton, aliyemlinda Joe Montana katika timu ya San Francisco 49ers, hakumsifia nguvu za mkono. Alisimulia kisa.

Miami, Januari 22, 1989, fainali. Cincinnati wanaongoza 16 kwa 13, zimesalia dakika tatu na ushei, na mbele yao kuna yadi 92. Barton amekakamaa kwa hofu. Montana akatazama jukwaani, akamwuliza: yule si John Candy, mchekeshaji wa sinema? Barton akageuka kutazama, na kifua kikamlegea.

Laiti kisa kingeishia hapo! Katika safari ileile, Montana mwenyewe alikiri baadaye, pumzi zilimpaa kwa kupiga kelele, kichwa kikamzunguka, akautupa mpira nje makusudi. Yaelekea utulivu aliwagawia wenzake kuliko aliojiwekea. Zilipobaki sekunde 34 akampatia John Taylor pasi ya ushindi, 20 kwa 16.