Kiongozi wa Ngoma

Mwalimu wa ngoma amekabidhiwa miili ya watu. Mwenye kalamu akikosea hufuta neno. Mwalimu wa ngoma akikosea huweza kufuta mtu. Nasema haya kwa sababu mimi nimepata kufuta mmoja.

Nilikuwa nikifundisha vijana kumi na wawili kucheza mganda mjini Makambako, mahali ambapo njia ya Songea huachana na ile iendayo Mbeya. Tulijiandaa kwenda kucheza Njombe. Mganda ni ngoma ya watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Safu zake, hatua zake na vyeo vyake vilitwaliwa katika gwaride la askari wa zama za ukoloni. Kwa hiyo nilidhani kuwa usawa wa hatua ndio uzuri wote. Kijana mmoja alikuwa akichelewa nusu ya hatua. Nilimtoa safuni mbele ya wenzake. Hakujibu neno, aliketi juu ya jiwe akatutazama.

Siku ya Njombe baridi ilikuwa kali, na hatua zetu zilikuwa kama za mtu mmoja. Watu walipiga makofi machache wakanyamaza. Wakati wa kurudi, mzee aliyetupigia ngoma, mzaliwa wa Manda, aliniambia: "Mwanangu, kwetu achelewaye huwekwa katikati ya wawili walio hodari, mabega yao humfundisha. Wewe umemtoa yeye, na waliobaki umewatia hofu. Mwenye hofu hukumbuka hatua, akasahau ngoma."

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, akisikitika kuwa wasomi walijua dansi za Ulaya kuliko ngoma zao. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilifunguliwa Bagamoyo. Tangu hapo ngoma nyingi zimetoka uwanjani zikapanda jukwaani, zikamwelekea mtazamaji aliyeketi. Kiongozi amepata heshima ya mtunzi, na pamoja na heshima hiyo jaribu la kuwaona wachezaji kuwa wino wa kalamu yake. Wazo lake lina thamani, lakini halina miguu. Huazima miguu ya watu, na cha kuazima hutunzwa.

Nilikwenda kumwomba radhi kijana yule. Alirudi baada ya siku tisa, nikamweka katikati. Hata leo huchelewa kidogo, nami nimeacha kuhesabu.