Kusi na Kaskazi ya Mlimani

Sisi tuliozaliwa karibu na bahari hufundishwa hatari za maji kabla ya kufundishwa kusoma. Mtoto wa Tiwi au Diani hujua ya kwamba kusi ikivuma kwa nguvu ngalawa haivuki mwamba ovyo, na ya kwamba kaskazi huleta siku za bahari tulivu. Elimu hiyo hakuipata kitabuni. Aliipata kwa wazee, na baadhi ya wazee hao waliilipia ada kubwa. Milima nayo ina elimu yake, lakini watu wengi wa pwani hudhani kuwa haiwahusu. Siku moja, nilipokuwa nikifundisha habari za theluji, mwanafunzi mmoja alisimama akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, hapa Kombani twatoka jasho usiku na mchana. Theluji yatuhusu nini?" Swali lake lilikuwa jema, na maneno haya ndiyo jibu langu.

Kwanza, habari za theluji ya Afrika zilitoka kwetu. Mwaka 1848 Johann Rebmann, mmisionari aliyekaa Rabai, alisafiri kwa miguu kupitia Taita kwenda Uchagani. Tarehe 11 Mei aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake hakuwa na jina la weupe ule, ila aliuita "baridi". Wataalamu wa jiografia huko Ulaya, miongoni mwao William Desborough Cooley wa London, waliikataa habari hiyo, wakashikilia ya kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Basi aliyeketi mbali alimkanusha aliyeona kwa macho. Kiongozi yule alikosa jina la kitu, lakini alijua tabia yake. Na mlimani kujua tabia ya kitu ni bora kuliko kujua jina lake.

Tabia ya pili ya kujua ni majira. Mlima Kenya umekaa kusini kidogo tu ya mstari wa ikweta, na kilele chake cha Batian kina urefu wa mita 5,199. Kwa sababu ya mahali ulipo, hauna kipupwe kimoja kama milima ya Ulaya, una viwili. Kuanzia Juni hadi Septemba jua huwa upande wa kaskazini, nayo majabali ya upande huo hupata joto na kukauka, hali upande wa kusini hubaki kivulini na kushika barafu. Kuanzia Desemba hadi Machi mambo hugeuka. Mwanafunzi wa pwani hana haja ya kukariri. Na akumbuke tu kwamba kusi ikivuma barafu huwa kusini, na kaskazi ikivuma barafu huwa kaskazini. Mwaka 1973 Phil Snyder na Thumbi Mathenge, mpandaji wa Kenya, walikuwa wa kwanza kuupanda mfereji wa barafu uitwao Diamond Couloir, ulioko upande wa kusini. Wakati wa masika na vuli theluji huanguka kwa wingi, na wenye busara huuacha mlima upumzike.

Sasa nieleze poromoko la theluji, ambalo katika nchi za baridi huua watu kila mwaka. Tazama lori linapomwaga mchanga mahali pa ujenzi. Mchanga mkavu hujipanga wenyewe katika mteremko fulani, haukubali kuuzidi. Mchanga mbichi husimama wima kama ukuta. Lakini mtoto akiuchimba chini, ghafula ukuta wote huanguka. Theluji ina tabia kama hiyo, tena ina hila zaidi. Huanguka tabaka juu ya tabaka. Tabaka moja huweza kuwa la chembe zisizoshikamana, kisha upepo ukaleta juu yake tabaka jingine lililo gumu kama ubao. Kwa macho, mteremko ni mweupe na umetulia. Mtu akikanyaga, tabaka la chini hukosa nguvu na ule ubao wote huteleza pamoja naye. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo ya kuogopwa zaidi. Na mara nyingi poromoko linalomwua mtu huanzishwa na mtu huyo huyo au wenzake. Aliyefukiwa asipofukuliwa katika robo saa ya kwanza, tumaini lake hupungua upesi mno.

Katika milima yetu jua la adhuhuri ni kali, wala theluji haipati miezi ya kurundikana. Kwa hiyo maporomoko makubwa ya theluji ni nadra. Hatari iliyo kubwa kwetu ni ya mawe. Usiku baridi hugandisha maji katika nyufa, na barafu hiyo huyashika mawe kama saruji. Jua likipanda, saruji hiyo huyeyuka. Tarehe 4 Januari 2006, mawe yaliyoporomoka katika njia ya Western Breach ya Kilimanjaro yaliwaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Tena barafu ya milima yetu inazidi kupungua mwaka hata mwaka kwa sababu dunia inapata joto, na mahali ambapo barafu imeondoka, mawe iliyoyashika hubaki bila mshiko. Ndiyo sababu viongozi huwaamsha watu saa nane au saa tisa za usiku: yafaa kupita penye hatari kabla jua halijafungua kufuli ya baridi.

Mimi mwenyewe niliamshwa hivyo mwezi mmoja wa Agosti, katika kambi ya bonde la Teleki, yapata mita 4,200 juu ya bahari. Tulikuwa walimu wanne, tukielekea Lenana, kilele cha mita 4,985 ambacho mtu hufikia kwa miguu bila kamba. Theluji mpya ilikuwa imeanguka jioni. Kiongozi wetu alitangulia akichoma ardhi kwa fimbo, akisimama na kusikiliza kama mgema anayejaribu kipandio kabla ya kukitwisha uzito wake. Baada ya mwendo wa saa moja, mwenzetu mmoja wa Msambweni alianza kuyumba. Kichwa kilimwuma, akatapika, na maneno yake yakawa mazito. Kiongozi alimwangazia taa usoni, akasema, "Mwalimu, wewe utashuka sasa na msaidizi wangu." Mwenzetu akakataa. Alikuwa ameweka akiba mwaka mzima. Ametoka baharini hata pale. Na kilele, alisema, kilikuwa karibu. Kiongozi hakupandisha sauti. "Mlima hauhami, Mwalimu. Utaukuta hapa mwakani. Nataka na wewe tukukute."

Alishuka, na sote tukashuka pamoja naye hata mita 3,050. Kabla ya adhuhuri alikuwa akinywa chai na kucheka. Ugonjwa wa kimo hauna dawa bora kuliko kushuka, na anayengoja kushuka mpaka apate nafuu huweza kungoja mpaka afe.

Wako watakaosema kuwa huo ni woga. Na wasikilize kisa hiki. Mwezi Septemba 1970 madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa wameanza kushuka kutoka Batian. Jiwe alilolishika Judmaier likachomoka, akaanguka na kuvunjika mguu vibaya. Waokoaji wa Kenya walipanda kumfuata. Helikopta ikaanguka na rubani wake akafa. Wengine wakaja kwa ndege kutoka Austria. Zaidi ya juma moja lilipita kabla majeruhi hajateremshwa, naye alipona. Mtu mmoja aliangukiwa na bahati mbaya, na mtu mwingine aliyekuja kumsaidia akapoteza maisha. Kwa hiyo mpandaji asidhani kwamba anapochezea hatari anachezea roho yake peke yake. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka katika mlima wa Everest, ikawaua Wanepali 16 waliokuwa wakiwaandalia wengine njia na kuwachukulia mizigo.

Basi, ewe mwanafunzi uliyeniuliza, theluji yakuhusu kwa sababu huenda kesho shule yako ikakupeleka mlimani, au kazi ikakupeleka nchi ya baridi; na huko hutakuwa na mjomba wa kukuambia, "Leo usitoke." Itakubidi uulize wenyeji, utazame majira, uhesabu saa za jua, na uwe tayari kurudi hali kilele unakiona. Kupanda huhitaji miguu na pumzi, navyo vijana wanavyo tele. Kurudi huhitaji moyo uliokwisha kujitawala, na moyo huo haupatikani kwa siku moja. Nahodha anayerudi bandarini kwa kuona wingu hacheki naye mtu. Watoto wake humpokea pwani, na kesho yake husafiri tena.