Gitare moja, kazi ya watu wawili

Wengi munaniuliza kwa nini siku hizi napiga gitare bila mediatori. Nitajibu kwa urefu kidogo, sababu jibu haliko kwenye vidole tu.

Kule Goma korali yetu ilikuwa na gitare tatu: solo, akompa na besi. Mimi nilikuwa wa solo. Mkono wangu wa kuume ulikuwa na kazi moja: kushika mediatori na kukimbia kwenye nyuzi nyembamba seben ikianza. Besi ilikuwa na mwenyewe, akompa ilikuwa na mwenyewe. Ukiwa na watu wa kukubeba hivyo, mediatori inafaa sana: sauti ni kali, inaenda mbio, inasikika juu ya ngoma.

Hapa Gisenyi tuko na gitare moja, ya mbao, bila umeme. Mwenzetu wa besi alipitia Nkamira, akapelekwa kambi ya Mahama, kule Kirehe, upande wa Tanzania. Wa akompa alibaki ng'ambo. Nikipiga solo peke yangu, wimbo unakuwa kama paa bila kuta.

Ndipo nikarudi kwa wazee wa Katanga. Mwenda Jean Bosco aliimba kwa Kiswahili chetu hiki. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952, na wimbo wake "Masanga" ukajulikana mpaka Nairobi. Alitumia vidole viwili tu, gumba na shahada. Ukimsikia bila kumwona, utasema wako watu wawili.

Iko hivi. Gumba linashika nyuzi tatu nene. Linatembea sawasawa kama mtu anayetwanga, halisimami. Shahada inachukua nyuzi tatu nyembamba, inavuta kwenda juu, inaingia katikati ya hatua za gumba. Hapo ndipo pagumu, maana shahada inapenda kufuata gumba kama mtoto na mama yake. Dawa ni kuanza na gumba peke yake, uimbe juu yake mpaka usahau kama linatembea. Halafu uongeze shahada, noti moja moja. Ubavu wa kiganja ulale kidogo karibu na daraja, ili nyuzi nene zisivume na kufunika zile nyembamba.

Lakini mediatori sijaitupa. Mtu wa besi akija kutusaidia Jumapili, gumba langu linanyamaza, maana sauti mbili nene zinagongana. Narudi kwa solo, namwachia nafasi yake. Mkono ni ule ule, ila lazima uulize kwanza: leo niko na nani?

Na hilo swali kwetu si la muziki tu. Leo uko na mtu, kesho jina lake linasomwa, anapanda basi. Langu pia linaweza kusomwa wakati wowote, na gitare ni ya korali, itabaki. Ndiyo maana nataka wadogo zetu wawili au watatu wajue gumba kabla sijaenda.

Kama huna gitare, usiogope. Gumba unaweza kulifundisha kwenye meza, hata kwenye bidoni ya maji. Jumamosi saa nane mchana, njooni. Na kucha za mkono wa kuume musizikate sana.